Katekista na Kitabu cha Wageni

Naandika maelezo haya kwa sababu maneno yaliyosemwa barazani na sokoni baada ya mazishi ya Katekista si sahihi, na mimi, niliyekuwa Mtendaji wa kijiji hiki kwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote, sikuzoea kuacha maneno yasiyo sahihi yakae katika kumbukumbu. Inasemwa kwamba aliwanunua wahamiaji kwa unga ili awaingize katika dini yake. Inasemwa kwamba aliwaingiza Wasukuma kijijini kwa kificho. Inasemwa pia kwamba ofisi yangu ilimdhibiti vizuri, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa kuwa husemwa kwa nia ya kunisifu. Yote matatu si kweli. Kuhusu hilo la tatu ninao ushahidi, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Hayo yalikuwa katika kitambulisho chake. Jina lake pia sitalitaja, kwa sababu hapa kijijini hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Alikuwa Katekista, yaani mtu anayefundisha dini na kuongoza sala katika kanisa dogo ambalo padre hulifikia mara moja kwa mwezi, na barabara ikiharibika, mara moja kwa miezi mitatu. Kanisa hilo la udongo na bati lipo upande wa Kibiti unaoteremkia bondeni. Waumini wake wengi walikuwa walimu na wauguzi waliohamishiwa kwetu kikazi. Sisi wenyeji, ukiondoa familia chache ikiwemo yake, ni Waislamu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba anayemtetea si mtu wa kanisani.

Kazi ya mikono yake ilikuwa kilimo cha mpunga na kuchonga mipini ya majembe. Hakuchonga mipini ya kuweka. Alikusimamisha kwanza, akakupima kwa uzi wa ukindu kutoka begani hadi ncha za vidole, akafunga fundo, kisha akaenda kutafuta mti unaokufaa. Nyuzi hizo hakuzitupa. Zilining'inia ukutani sebuleni kwake, kila uzi mtu mmoja, na ukimuuliza huu wa nani alikujibu bila kusita: "Huyu ni yule kinyozi kutoka Songea. Huyu ni mama wa Kimakua aliyekuwa Kiongoroni akikata mikoko na mumewe." Mpini wa kwanza wa kila mgeni aliyehamia kwetu ulikuwa zawadi. Ofisini nilikuwa na madaftari manne ya watu, na nakiri kwamba ukuta ule ulikuwa na makosa machache kuliko madaftari yangu.

Mayunga, mfugaji wa Kisukuma, na mkewe, Mama Nkwimba, walifika kwa njia ya Mohoro wakiwa na watoto watatu, mama mzazi wa Mayunga, na ng'ombe ambao idadi yao sikuwahi kuambiwa kweli. Walijenga ukingoni mwa bonde, nje kidogo ya nyumba za mwisho. Ilikuwa miaka ya mauaji na hofu kwetu, na kila uso usiojulikana ulitazamwa mara mbili. Mfugaji alitazamwa mara tatu, kwa kuwa mpunga wa watu ulikuwa umekwisha kukanyagwa mahali pengi, na hilo pia ni kweli, lazima liandikwe.

Katekista alikwenda kuwasalimu. Alisimama kwenye lango la zizi, akapiga hodi mara tatu kama tulivyolelewa watu wa pwani. Asipoitikiwa, mtu mwenye adabu huondoka. Hakuitikiwa, akaondoka. Wiki iliyofuata akafanya vilevile, na ya tatu pia. Kumbe watu walikuwemo. Walikuwa wakimchungulia mtu huyu anayekuja mpaka zizini, anayeita, anayeangaza macho huku na huku, kisha anayekwenda zake bila neno. Kwao huyo hakuwa mgeni mwenye adabu. Alikuwa mpelelezi wa ng'ombe.

Wiki ya nne Mayunga alimtokea kwa nyuma na fimbo mkononi.

"Unamhesabia nani ng'ombe wangu?"

"Ndugu yangu, siwezi kuwahesabu. Hata kuwatazama siwezi, nawaogopa."

"Unawaogopa, na kila wiki upo hapa?"

"Mimi nilikuja kwa watu. Ng'ombe nimewakuta tu."

Mama Nkwimba ameniambia mara nyingi kwamba alicheka mpaka akaweka chini kibuyu cha maziwa. Ni kweli kwamba Katekista aliogopa ng'ombe. Aliogopa hata ndama. Kwa miaka yote aliyokwenda kwenye boma lile alipita kwa kuzunguka, upande wa choo, akiwa ameshika mwamvuli mbele yake kama ngao. Na maziwa aliyopewa yalimvuruga tumbo, lakini aliyanywa yote, akashukuru, kisha akatembea haraka kuliko kawaida yake kurudi nyumbani.

Siku hiyohiyo ya kwanza aliwaeleza yeye ni nani. Sikuwepo, ila maneno yake nimeyasikia kwa Mayunga na kwa mkewe wakiwa mbalimbali, na yanalingana. Alisema, "Kazi yangu ni kufundisha habari za Yesu. Mkitaka kuzisikia, njooni Alhamisi. Msipotaka, mipini nitawachongea vilevile." Kisha akampima Mayunga, akampima na mkewe. Bibi, mama yake Mayunga, alikataa kupimwa, akasema mtu hupimwa akifa.

Siku tatu baadaye aliwaleta ofisini kwangu. Naomba jambo hili lisomwe taratibu na wale wanaosema aliwaingiza kwa kificho. Katika utumishi wangu nilizoea kutafuta wageni waliofichwa na wenyeji wao. Huyu ndiye mwenyeji pekee aliyeniletea wageni kabla sijawasikia.

"Mtendaji, nimekuletea wakazi. Waandike."

"Wageni," nilimsahihisha.

"Wana barua ya utambulisho kutoka walikotoka. Wana nyumba. Mwenyeji wao ni mimi."

Barua ilikuwa halali, yenye muhuri. Kwa barua ile nilipaswa kuwaandika katika daftari la wakazi siku hiyo. Sikuwaandika. Nilitoa kitabu cha wageni, kile cha maofisa wanaopita na wauza vyandarua, nikawaandika humo. Nikamwagiza Katekista awe mdhamini wao, na nikamwagiza Mayunga aje kutia sahihi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, akifuatana na mdhamini wake. Nilisema ni utaratibu. Utaratibu huo niliutunga mwenyewe nikiwa nimeketi. Hakuna waraka ulionielekeza, na Mayunga ni Mtanzania kama mimi.

Walikuja. Mvua ikinyesha walikuja, Mfungo ukiwa katikati walikuja, na Katekista alipokuwa na malaria alikuja amejifunika shuka. Mayunga alikuwa hajui kuandika, hivyo mwaka wa kwanza alitia dole gumba. Mwaka wa pili aliandika jina lake kwa herufi kubwa, moja ikiwa imegeuka, kwa sababu Katekista alimfundisha njiani kwa kijiti kwenye mchanga. Na kila mara, kabla hawajaondoka, Katekista aliniuliza swali moja kwa sauti ileile.

"Mtendaji, leo ndiyo siku ya kuhama kitabu?"

"Bado."

"Haya. Mwezi ujao."

Hakuwahi kukasirika, jambo lililonikasirisha mimi. Siku moja nilimwambia, "Wewe unawapigania hawa kwa sababu unataka wawe Wakristo."

"Nataka sana," alisema. "Nikikwambia sitaki nitakuwa nimekudanganya. Hata wewe nakuombea."

"Na mimi nakuombea uongoke."

"Basi tunaombeana. Hiyo nayo si haba. Lakini Mayunga asipobatizwa mpaka anakufa, bado nitakuja naye Jumatatu."

Sasa nije kwenye unga. Unga haukuwepo. Kilichokuwepo ni Alhamisi, saa kumi jioni, benchi mbili ndani ya kanisa la udongo. Alisimulia kisa kimoja tu kwa wiki, na wiki iliyofuata wao ndio waliomsimulia, kila mtu kwa namna alivyokielewa, na hakumruhusu mtu kuendelea na kisa kingine kabla cha kwanza hakijatulia. Muuguzi mmoja mwenye haraka alimwambia kwa mwendo huo watabatizwa wakiwa wazee. Alijibu kwamba wazee nao hubatizwa.

Alipowasimulia habari ya mchungaji aliyewaacha kondoo wake wote akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea, Mama Nkwimba alimkatiza.

"Hao wengine alimwachia nani?"

"Aliwaacha malishoni."

"Katekista, wewe unaogopa ng'ombe ndiyo maana hujui. Hakuna mchungaji anayefanya hivyo. Akirudi na huyo mmoja atakuta hao wengine wameliwa, au wako kwenye mpunga wa Mzee Mbonde."

Watu walicheka mpaka nje. Katekista alikuwa mtu asiyependa kukosa jibu. Alizunguka na swali hilo wiki nzima. Alikuja hata kwangu, mimi nisiyehusika, kuniuliza ningewaacha kwa nani. Alhamisi iliyofuata aliwaambia: "Nimefikiri. Aliwaacha kwa jirani. Kisa hakikumtaja jirani kwa sababu kila mtu alijua yupo. Asiye na jirani hawezi kwenda kumtafuta aliyepotea." Sijui kama mafundisho ya kanisa yanasema hivyo. Najua kwamba Mama Nkwimba alirudi nyumbani akamweleza mumewe, na kwamba msimu huo Mayunga alikwenda kwa Mzee Mbonde, ambaye ng'ombe walikuwa wamemkanyagia mpunga, akafanya kazi shambani kwake mpaka palizi ikaisha. Mama Nkwimba alibatizwa mwaka wa nne. Mayunga mpaka leo anasema bado anafikiri. Waliobatizwa miongoni mwa wahamiaji wote aliowafundisha hawazidi vidole vyangu vya mikono. Kama alikuwa akinunua watu, alikuwa mnunuzi mbaya.

Wakristo wenzake hawakumpa raha, na hili linasahauliwa. Wapo waliolalamika kwamba Wasukuma waliokaa benchi za mbele walinuka maziwa na moshi. Kiongozi mmoja wa kanisa alimtaka awahamishie nyuma. Katekista alisema amesikia. Jumapili iliyofuata wageni waliketi nyuma kama ilivyotakiwa, na Katekista akachukua kiti chake na meza yake ndogo, akaenda kuketi nyuma pamoja nao, akaongoza sala kutoka huko. Waliokuwa mbele walijikuta wamempa mgongo. Walivumilia Jumapili mbili wakigeuza shingo. Ya tatu waligeuza benchi, na wale waliosukumwa nyuma wakawa wa mbele. Habari hii niliipata kwa kiongozi huyohuyo, ambaye aliisimulia kama malalamiko rasmi na kuniomba niingilie kati. Nilimjibu kwamba mpangilio wa benchi si kazi ya serikali ya kijiji.

Msomaji asidhani alikuwa malaika. Aliimba vibaya na alilazimisha kuongoza nyimbo. Alikuwa mbishi. Aliweza kununa siku tatu kwa sababu ya kandambili moja iliyobadilishwa kwenye hitima. Na katika bao, mtu huyu ambaye hakuwahi kunidanganya ofisini alikuwa mwizi wa kete mchana kweupe. Ukimshika mkono alikutazama usoni akasema kidole kimeteleza. Nilicheza naye miaka mingi, na kidole hicho hakikuteleza hata mara moja kwa faida yangu.

Nilistaafu. Nilikabidhi ofisi kwa binti mwenye bidii, anayeweka mambo yake kwenye kompyuta, nikahamia kwenye nyumba yangu karibu na msikiti. Kitabu cha wageni nilikikabidhi pamoja na vingine, Mayunga akiwa bado humo. Jumatatu ya mwisho Katekista aliniuliza swali lake na mimi nikamjibu kwamba hilo sasa ni la Mtendaji mpya. Naye, kwa kutojua utaratibu huo ulitoka wapi, akauendeleza.

Kisha mto ulifurika kuliko tulivyozoea. Sisi watu wa bonde tunayajua mafuriko. Maji yakipungua tunapanda mlau kwenye tope lililobaki, na wakati wa kulinda mpunga tunalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Lakini mwaka ule madungu yenyewe yalikwenda na maji, na nyumba ya Mayunga ilikwenda pamoja na zizi na ng'ombe wengi. Bibi yule aliyekataa kupimwa alibebwa mgongoni mpaka kanisani, na kanisa likawa makazi ya yeyote aliyefika. Baadaye ilitangazwa kwamba wakazi waliopoteza nyumba watapewa viwanja sehemu ya juu, na orodha itatokana na daftari la wakazi.

Katekista alikuja kwangu asubuhi, akiikokota baiskeli ambayo hakuweza tena kuipanda. Kifua kilikuwa kimekwisha kumshika. Nilimsogezea kiti.

"Hawamo," alisema.

Sikuuliza akina nani.

"Mtendaji mpya ametafuta mara mbili. Amesema kompyuta haina kosa, inasoma kilichoandikwa. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Wasipopita Jumamosi, Mayunga anaondoka. Ameniambia. Hana zizi, hana nyumba, na miaka yote hii hapa anaitwa mgeni. Anaondoka na mama yake mgonjwa na hajui anakwenda wapi."

"Nitazungumza na Mtendaji."

"Si Mtendaji. Mkutano." Alikohoa muda mrefu. Kisha akaniuliza, si kwa ukali, kwa sauti ileile ya miaka yote: "Leo ndiyo siku ya kuhama kitabu?"

Jumamosi nilikwenda. Nilimwomba Mtendaji afungue kabati na kunitolea vitabu vya wageni, vyote. Vilikuwa vitatu. Jina la Mayunga liliposomwa miongoni mwa wasioonekana katika daftari, Mzee Mbonde alisimama. Namheshimu, na alisema alichoamini.

"Mayunga hatuna ugomvi naye tena. Amenilimia. Lakini viwanja ni vya wakazi, na ofisi yenyewe ilisema hawa wageni. Mstaafu huyu hapa ndiye aliyeandika. Au leo umebadilika, sheikh?"

Nilisimama na vitabu vyangu. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kisheria, nikayaacha mfukoni. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikasoma: mwezi, mwaka, jina, dole gumba, mdhamini. Nikasoma wa pili. Nilisoma kila Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, na hakuna hata mwezi mmoja uliorukwa. Watu walianza kunung'unika, jua lilikuwa kali, mtu mmoja akasema, "Mzee, tumeelewa," nami nikamwambia aketi, sijamaliza. Nilipofika mahali dole gumba linapogeuka kuwa jina lenye herufi iliyogeuka, Mama Nkwimba alijifunika uso kwa khanga.

"Mgeni gani," niliwauliza nilipomaliza, "anayekuja kuripoti miaka minane bila kukosa mwezi? Kuna mkazi hapa aliyefika ofisini mara nyingi kuliko huyu? Mimi ndimi niliyekosea. Barua yake ilikuwa halali siku ya kwanza. Niliogopa, nikaita woga wangu utaratibu. Andikeni hivyo katika muhtasari, na mwandike jina langu."

Mzee Mbonde alivua kofia, akajikuna, akasema, "Sasa kama walikuwa wakazi tangu siku hiyo, tunapigia kura nini? Mwandikeni tu." Mikono ikapanda. Haikupanda yote, na aliyesema ilipanda yote hakuwepo.

Mara ya mwisho nilimkuta Katekista kwenye kiwanja kipya cha Mayunga. Nyumba ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Walikuwa wamemwekea kiti cha kamba upande ulio mbali na ng'ombe wawili waliobaki, na mwamvuli alikuwa nao. Nilikuwa nimenakili ule ukurasa wa daftari la wakazi kwa mkono wangu. Aliniomba nimsomee. Nilisoma: Mayunga, mkewe, watoto, mama.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Kisha nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu Jumamosi ile. "Ulijua? Ulipokuwa unamleta kila mwezi, ulijua kwamba kitabu kile siku moja kitamtetea?"

"Sikujua," alisema. "Nilijua tu kwamba wewe huwezi kutupa kitabu."

Mama Nkwimba alileta maziwa. Katekista aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa, akashukuru. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi wa ukindu.

"Simama nikupime."

"Mimi? Mimi ni mwenyeji hapa, nimezaliwa hapa."

"Ulikuwa ofisini muda wote. Sasa una shamba, na nimeona jembe lako, mpini ule ni wa mtu mfupi. Simama."

Nilisimama. Hakuweza kuinuka, nikainama mpaka bega langu likamfikia. Fundo lilimchukua muda, na Mayunga alipotaka kumsaidia alimzuia kwa kiwiko.

Tulimzika siku chache kabla ya msimu wa mlau. Niliketi nje ya kanisa, barazani, pamoja na Mzee Mbonde na wengine wa msikitini kwetu. Siku ya saba Mayunga alinijia nyumbani na mpini. Alisema marehemu aliuacha umechongwa nusu, na nusu iliyobaki ameichonga yeye. Ukiutazama unaona mahali mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Nimeulimia msimu huu wote. Unanitosha.